Hedifoni ya kutegemea Itaka

Mtu wa kata ya Itaka, wilayani Mbozi, akiniuliza anunue hedifoni gani ya kutumia kila siku, swali langu la kwanza halihusu bei wala aina ya muziki anaoupenda. Namuuliza kama anasikiliza redio kwenye simu. Jibu karibu kila mara ni ndiyo: taarifa ya habari ya TBC Taifa, mechi ya Simba na Yanga, mahubiri ya Jumapili, bei za mazao. Redio ya FM haili bando, na kitochi kinaikamata sawasawa na simu janja. Mtu wa namna hiyo anahitaji waya kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote.

Simu nyingi zenye redio hazina antena ya FM ndani yake. Waya wa hedifoni ndio antena, na ndiyo sababu ukifungua redio kabla ya kuchomeka pini, simu inakuambia uchomeke kwanza. FM inatumia masafa ya megahezi 88 hadi 108. Kwenye megahezi 100, wimbi moja lina urefu wa mita 3, na antena rahisi hufanya kazi vizuri ikipata robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Waya wa hedifoni wa kawaida una mita moja na kitu, kwa hiyo unatosha kabisa, mradi uuachie uning'inie. Ukiuviringa na kuufunga mpira mfukoni, umeifupisha antena mwenyewe, na kituo cha mbali kitaanza kukwaruza. Mbozi ni nchi ya vilima na mabonde. Mlima ukikaa kati yako na mnara, waya ulionyooka unaweza kuwa ndio uliokuwezesha kulisikia goli.

Hedifoni za Bluetooth hazina waya huo. Hata ukichomeka waya mwingine uwe antena tu, simu nyingi hazikubali kuipeleka sauti ya redio kwenye Bluetooth. Zitakupa spika ya simu, na nyumba nzima itasikiliza mechi yako. Jambo la kuangalia kabla hujatoka nyumbani ni kama simu yako ina lile tundu la mduara la milimita 3.5. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na makampuni mengi yakafuata kwenye simu zao za bei kubwa, lakini simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo za itel na Tecno, bado zinalo. Hapo mwenye simu ya kawaida amemshinda mwenye simu ya kifahari.

Redio pia inatusaidia kuvunja namba moja inayouza hedifoni kwa udanganyifu. Kwenye maboksi utaona imeandikwa hezi 20 hadi 40,000, wakati mwingine na nembo ya dhahabu ya Hi-Res. Nembo ya kweli ipo, inasimamiwa na chama cha sauti cha Japani, na sharti lake ni kifaa kifike hezi 40,000. Lakini sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu hezi 20,000, na umri ukisogea kikomo kinashuka. Matangazo ya FM yenyewe yanakatwa kwenye hezi 15,000, kwa sababu juu kidogo, kwenye hezi 19,000, stesheni inarusha alama inayoiambia redio kwamba sauti ni ya stirio. Nyimbo unazowekewa kwenye memori kadi pale dukani, zile za kilobiti 128 kwa sekunde, nazo kwa kawaida hukatwa karibu hezi 16,000. Mwenye kulipia hezi 40,000 analipia kitu ambacho simu yake haitoi na sikio lake halipokei. Sauti ya mtangazaji, gitaa la solo la bendi ya Mlimani Park na sehemu kubwa ya maneno ya mahubiri vyote viko chini sana ya hapo, mamia ya hezi hadi elfu chache. Hedifoni ikizitoa hizo kwa usafi, imefanya kazi yake.

Sasa besi, ambayo vijana wanaiulizia kwanza. Kwenye hedifoni za kuchomeka ndani ya sikio, besi inategemea mpira kuliko inavyotegemea jina la kampuni. Ule mpira laini wa silikoni ukiliziba tundu la sikio vizuri, besi inajaa. Ukibakiza upenyo mdogo tu, besi inavuja na kubaki sauti nyembamba ya bati. Pakiti nzuri inakuja na mipira ya saizi tatu, na watu wengi hawaigusi kabisa. Wanavaa ile ya katikati iliyokuja imevalishwa, wanalalamika, wananunua nyingine. Jaribio ni jepesi: weka wimbo wenye besi, kisha isukume hedifoni taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, mpira haukutoshi. Badilisha saizi, na usishangae sikio la kulia likataka mpira tofauti na la kushoto.

Zile za mtindo wa zamani, bapa, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila mpira, haziwezi kuziba. Nazo zina watu wake. Mama anayeuza dukani na anataka amsikie mteja akibisha hodi, au mzee anayesikiliza taarifa ya habari huku mjukuu anacheza karibu, hao zitawafaa. Ukipenda kuacha sikio moja wazi, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu janja uwashe sauti ya mono. Bila hivyo utasikia nusu ya wimbo, maana ala nyingine zimewekwa upande mmoja tu.

Kuziba kuna faida kubwa kuliko besi, na hapa ndipo ninapomhukumia mtu hedifoni yake kuu. Iliyo bora ni ile inayokuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo. Kaa jirani na mashine ya kusaga na hedifoni bapa, utaona mkono unavyopandisha sauti wenyewe hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Tatizo ni jinsi hesabu inavyoshuka. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni inakuwa maradufu, na muda salama unakatika nusu. Ukifika desibeli 90, zile saa 40 zimebaki 4 kwa wiki nzima. Ukifika 100, ambayo simu na hedifoni nyingi zinaiweza, zimebaki takriban dakika 20. Seli zenye vinywele ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Hakuna mtu Itaka anayetembea na kipimo cha desibeli, kwa hiyo fuata ushauri mwepesi wa shirika hilo: usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu. Hedifoni inayoziba vizuri inakufanya ukae chini ya hapo bila kujilazimisha.

Kwa dereva wa bodaboda sina ushauri wa aina gani. Asivae, si mbili si moja.

Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni Tunduma akisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, ana hali yake. Yeye anasumbuliwa na mngurumo wa injini usiku kucha, na safari ya Dar es Salaam iliyo nyuma yake ni zaidi ya kilomita 900. Huyu hedifoni za kuzima kelele kwa umeme zinaweza kumfaa anapopumzika. Wazo hilo Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alilifanyia hesabu ndani ya ndege mwaka 1978 akitoka Zurich kwenda Boston, baada ya kuona hedifoni alizopewa zinashindwa na injini. Maiki ndogo inaisikia kelele, kisha hedifoni inatoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanauana. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo mzito usiobadilika. Kwa utingo anayepiga soga mlangoni haisaidii sana, kwa sababu sauti ya mtu inabadilika haraka mno. Ukimwona muuzaji anaahidi kimya kabisa kwa bei ya soda chache, mwache aendelee na wateja wengine.

Siichukii Bluetooth. Kwa anayeosha vyombo, anayefanya mazoezi, au ambaye simu yake haina tundu, ni raha. Lakini kama hedifoni kuu ina mambo matatu ya kukera. Kwanza, betri ya kila upande ni ndogo kama punje na imegandishwa ndani kwa gundi. Ikichoka baada ya miaka michache, hakuna fundi atakayeibadilisha kwa faida, na umeme ukikatika kwa muda mrefu kasha la kuchajia nalo linaweza kuishiwa. Pili, ukipiga simu, maiki yake ikiwashwa ubora wa sauti unashuka ghafla, kwa sababu Bluetooth inahamia kwenye mfumo wa mazungumzo. Tatu, upande mmoja ukidondoka katikati ya kahawa wakati wa mavuno, umebaki na nusu ya hedifoni.

Za kuvaa kichwani zina sauti pana na haziingii ndani ya sikio, na kwa baridi ya Juni huku Mbozi hata masikio yanashukuru. Angalia ngozi yake. Ngozi bandia ya bei ndogo hula jasho na unyevu hadi ikaanza kumenyuka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Kama mito yake haivuliki ikabadilishwa, umenunua kitu chenye tarehe ya kufa. Ukiona zimeandikwa omu 250, hizo ni za studio. Simu haina nguvu ya kuzisukuma. Kaa kwenye omu 16 hadi 32.

Dukani Vwawa au Tunduma, nenda na simu yako mwenyewe na nyimbo unazozijua kwa moyo. Mimi hubeba vitu vitatu: kipande cha mtu akizungumza, dansi ya zamani yenye magitaa mengi, na Bongo Fleva yenye besi nzito. Mazungumzo yanafichua hedifoni zinazovuma kifuani. Magitaa yanafichua zile zinazochanganya kila kitu kuwa uji. Muuzaji atasema, "Orijino kabisa hii, kaka, chukua," na wala si lazima awe anadanganya, kwani naye aliuziwa hivyohivyo. Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa, kwa hiyo hedifoni yenye jina la kampuni maarufu kwa bei ya karanga inahitaji mashaka zaidi kuliko ile isiyo na jina. Mwombe akuachie uchomeke, uizungushe pini ndani ya tundu, uupinde waya taratibu karibu na pini. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha.

Ukichomeka hedifoni yenye maiki kwenye simu ya zamani, ala zinaweza kusikika lakini mwimbaji amepotea, kama wimbo umefanywa karaoke. Usimlaumu muuzaji bado. Pini yenye maiki ina sehemu nne, na kulikuwa na mipangilio miwili: mmoja unaitanguliza ardhi ya umeme, mwingine unaitanguliza maiki. Simu na hedifoni zikiwa za mipangilio tofauti, unachosikia ni tofauti ya kushoto na kulia tu, na kwa kuwa mwimbaji yuko katikati, pande zote mbili sawasawa, anajifuta. Kandamiza kitufe cha maiki bila kukiachia. Mwimbaji akirudi, umeujua ugonjwa. Pini isiyoingia hadi mwisho nayo huleta balaa hilohilo, kwa hiyo isukume kwanza.

Ninayoipendekeza kwa hali ya Itaka ni ya kuchomeka ndani ya sikio, yenye mpira, na yenye waya unaochomoka pale unapoingia kwenye hedifoni. Kampuni za China kama KZ zimefanya aina hiyo iwe ya bei ya kawaida. Kinachokufa kwanza ni waya, karibu kila mara sentimita chache kutoka kwenye pini, na wa kuchomoka unaubadilisha bila kutupa kitu kizima. Pini iliyopinda kwa pembe inadumu mfukoni kuliko iliyonyooka.

Waya usiochomoka nao unatengenezeka. Fundi simu ataukata pale ulipokatika na kuweka pini mpya, ila ahakikishe ameunguza kwa kiberiti ile rangi inayofunika nyuzi za shaba kabla ya kuchomelea risasi. Nyuzi hizo zimepakwa vanishi na kusukwa pamoja na uzi wa nailoni. Risasi ikiwekwa juu ya vanishi, sauti itakuja leo na kuondoka kesho.

Na kabla ya kumpelekea fundi hedifoni ambayo upande mmoja umefifia, vua mpira utazame wavu mdogo ulio chini yake. Mara nyingi umezibwa na nta ya sikio. Ielekeze hedifoni chini ili uchafu usiingie ndani, pangusa wavu kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, osha mpira peke yake kwa sabuni, uuache ukauke kabisa ndipo uurudishe. Sindano usitumie, inatoboa wavu, na nta inayofuata itaingia hadi kwenye spika yenyewe.