Mabomba na Hita ya Maji Yatayarishwe Kabla ya Mvua

Mwezi Februari unapokaribia mwisho, wakazi wa Kasese na Bwera huinua macho kuitazama milima ya Ruwenzori na kupima mawingu. Mvua za kwanza za mwaka huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei; za pili huanza Agosti na kwisha Novemba. Wakulima wa kahawa na pamba huzingoja kwa furaha. Lakini kwa mama mwenye nyumba yenye bomba, tangi na hita, majuma haya machache ya ukavu ni majuma ya kazi.

Sababu yake inajulikana na kila mwenyeji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukateremsha mawe na magogo kutoka milimani, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 mafuriko yalirudi, na hospitali hiyo ikapata hasara kubwa zaidi. Mto ukivunja mabomba, nguvu ya maji ndani yake hupungua. Bomba lenye ufa, lililozoea kuvujisha maji nje, sasa huvuta ndani tope na uchafu ulio kando yake. Siku maji yanaporudi, kinachotoka kwenye bilula chaweza kuwa kinywaji cha kipindupindu, ugonjwa ambao wilaya ya Kasese imekwisha kuuona zaidi ya mara moja.

Funzo kutoka nchi za baridi

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, watu wenye nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na motokaa wana desturi moja kila mwaka. Kabla ya baridi kuingia, huyatoa maji yote katika mabomba na katika hita, kisha hutia katika mabomba dawa maalumu isiyoganda. Maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na mabomba mengi hayawezi kuustahimili msukumo huo. Anayesahau huikuta hita yake imepasuka wakati wa joto unaporudi.

Mjini Kasese maji hayagandi, ingawa juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, barafu ingaliko. Hata hivyo busara ni ile ile: msimu mbaya usikikute chombo cha maji kikiwa hakijakaguliwa, kichafu, na bila koki ya kukifunga.

Bomba na koki

Kazi ya kwanza ni kuitafuta koki kuu, ile iliyo karibu na mita. Kila mtu mzima nyumbani aijue mahali pake na ajue kuifunga. Koki isiyofungwa kwa miaka mingi hushika kutu ikagoma siku ya hatari. Kwa hiyo ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa kila mwaka.

Kisha uvujaji utafutwe. Bilula zote zifungwe, namba za mita ziandikwe, na zisomwe tena baada ya saa moja. Ikiwa zimebadilika na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panapovuja, na fundi bomba aitwe mara moja. Tundu linalotoa maji leo ndilo litakaloingiza tope kesho.

Huko Bwera na vijiji vya milimani, maji mengi huteremka yenyewe kwa mabomba kutoka chemchemi za juu. Hapo adui mkubwa ni mmomonyoko wa udongo. Bomba lililobaki wazi mtelemkoni lifukiwe, na nyasi zipandwe juu yake, kabla jiwe moja lililobingirika halijawakatia maji majirani wote.

Hita ya maji

Hita, iwe ya umeme au ya jua, hukusanya mashapo chini yake, na baada ya mafuriko mashapo huzidi. Ioshwe kwa utaratibu huu. Umeme uzimwe kwanza. Ikiwa ni ya jua, kazi ifanywe alfajiri na kioo chake kifunikwe kwa turubai. Hita iachwe ipoe. Mpini wa vali ya usalama uinuliwe kidogo ili kuona kama maji yanatoka, kisha urudishwe. Vali iliyokwama ibadilishwe, na kamwe isizibwe hata kama inadondosha, kwa maana hiyo ndiyo inayoizuia hita isilipuke.

Baada ya hapo koki inayoingiza maji baridi ifungwe, na bilula ya maji ya moto ifunguliwe ili hewa ipate kuingia. Mpira ufungwe kwenye tundu la kutolea maji, na maji yaachwe yatoke yote. Maji baridi kidogo yapitishwe mpaka yanayotoka yawe safi. Hita nyingi huwa na fito la magnesiamu ndani, linaloliwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Likiwa limekonda sana fundi aweke jipya.

Mwisho hita ijazwe. Umeme usiwashwe mpaka maji yatoke kwenye bilula ya moto mfululizo bila kutema hewa, kwani waya wa kupashia moto huungua upesi pasipo maji. Familia inayofunga nyumba kwa miezi mingi, kama ile ya mwalimu aliyehamishwa kwa muda, yafaa iache umeme wa hita umezimwa na koki kuu imefungwa.

Tangi na maji ya paa

Tangi lisuguliwe ndani na kusuuzwa. Kisha lijazwe, na kwa kila lita 1,000 za maji itiwe lita 1 ya dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 5. Maji hayo yakae usiku kucha na yasinywewe. Asubuhi yamwagwe, na tangi lisuuzwe tena. Mfuniko uwe imara, na tundu la hewa lifungwe wavu wa kuzuia mbu.

Wanaokinga maji ya mvua wayaache ya mwanzo yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la mita 50 za mraba hutoa lita 50 kwa kila milimita moja ya mvua. Lita 50 hizo za kwanza zifae kumwagilia bustani.

Mafuriko yakifika

Koki kuu ifungwe, na umeme wa nyumba nzima uzimwe na mtu aliyesimama mahali pakavu. Hita iliyozamishwa na maji isiwashwe mpaka fundi wa umeme aikague. Maji yakirudi, ya kwanza yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja. Walio juu ya mita 2,000 wangoje dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo.

Wala mtu asikimbilie maji ya Nyamwamba. Machimbo ya shaba ya Kilembe yaliacha malundo ya mabaki kando ya mto huo, na madini hayaondolewi kwa kuchemsha wala kwa klorini.

Mwezi Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakapelekwa katika hospitali ya Bwera, kila mtu alihimizwa kunawa mikono. Shauri hilo halitimiziki nyumbani ambako bilula haitoi maji safi. Siku moja ya kazi mwezi Februari, pamoja na spana, ndoo na chupa ya klorini, si gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika bonde la Nyamwamba, ufa huo mara nyingi umo ndani ya bomba, mahali pasipoonekana kwa macho.