Jua Likiwa Nyuma ya Simba

Lango la hifadhi ya Amboseli, kusini mwa Kenya, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na wapiga picha huanza hapo hapo kushindana na jua. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, hivyo ule mwanga wa dhahabu huisha upesi mno. Dereva anayeijua kazi huzungusha gari mpaka mnyama awe kati ya kamera na jua. Vumbi linawaka, kingo za masikio ya tembo zinang'aa. Kisha lenzi ya milimita 500 inaanza kuhangaika: inakwenda mbele, inarudi nyuma, tembo anageuka doa la kijivu, na kundi linapita.

Lawama huangukia kamera. Bila haki.

Otofokasi ilianza kuenea kwenye kamera za kubadilisha lenzi baada ya Minolta kutoa modeli yake ya 7000 mwaka 1985. Kanuni yake ni ile ile mpaka leo. Kamera huchukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, ikalinganisha taswira hizo mbili na kupima zimeachana kiasi gani. Ili ilinganishe, lazima ipate cha kushika: mstari, unywele, mahali giza linapokutana na mwanga. Mnyama aliyelipa jua mgongo anaigeuzia kamera upande wa kivuli, ambako mikunjo ya ngozi haionekani. Jua nalo likigonga kioo cha mbele cha lenzi, utando wa weupe hutanda juu ya picha nzima. Kinachobaki wazi ni ukingo wa mnyama, pamoja na nyasi zilizo nyuma yake.

Chukua simba dume anayetazama kamera akiwa umbali wa mita 10. Kwa lenzi hiyo ya milimita 500, tundu likiwa f/5.6 na kihisi kikiwa cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita 13 tu, nusu mbele na nusu nyuma. Ncha za sharafa zinazowaka kwa jua ziko nyuma ya jicho kupita hapo. Kamera inazing'ang'ania kwa sababu ndizo zinazoonekana. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha inapendeza. Ikifunguliwa kwenye kompyuta, manyoya yanahesabika na jicho ni uji mtupu.

Dawa, basi, ni kuitafutia kamera ukingo ulio umbali sawa na jicho. Simba akigeuza uso kando, mstari wa paji hadi pua unafaa, kwa kuwa jicho haliko mbali nao. Kwa tembo, pembe au paji la uso ni salama kuliko sikio la upande wa mbali. Kazi hiyo inataka nukta moja ndogo ya fokasi, iliyowekwa na mpiga picha mwenyewe. Swichi ya kuwekea lenzi mpaka wa umbali huizuia kusafiri masafa yote inapopotea, na kifuniko cha kukinga mwanga kisiachwe kwenye begi.

Tangu mwaka 2019, Sony ilipoanza kuzipa kamera zake uwezo wa kutambua macho ya wanyama, kazi imekuwa nyepesi. Lakini jicho lililozama kivulini halitambuliki kwa urahisi, na mashine huishia kushika kichwa au kiwiliwili. Wengi hujisumbua bure hapa. Kama anga ni nyekundu na mnyama ni kivuli kitupu, picha ni umbo lake. Kinachotakiwa kuwa wazi ni ukingo, na ukingo ndio kamera inaoushika vizuri.

Anayetumia kamera ya zamani yenye kitafutio cha kioo asiielekeze kwenye jua lenyewe: lenzi ndefu hulikusanya na linaweza kuunguza jicho.

Kufikia katikati ya asubuhi tatizo hubadilika. Ardhi imepata moto, hewa inacheza juu yake, na hata fokasi sahihi hutoa picha iliyolegea. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Kinachosaidia ni kupunguza umbali, kwa kadiri sheria za hifadhi zinavyoruhusu.