Kuziba gego: kweli na uongo kuhusu nguvu ya dawa

Mtu mzima akibana magego yake kwa nguvu zote, gego moja huweza kubeba mzigo wa kilo 50 hadi 70. Meno ya mbele hayajui shida hiyo. Ndiyo maana mtu akiambiwa gego lake limetoboka ila linazibika, la kwanza kuuliza ni dawa ipi yenye nguvu. Majibu hayakosekani, kuanzia kwa jirani hadi kwenye benchi la wagonjwa. Haya hapa sita yanayosikika sana.

1. "Dawa iliyo ngumu kuliko zote ndiyo itakayodumu kuliko zote."

UONGO. Kuna nguvu ya kuhimili kugandamizwa, kuna ya kuhimili kupindwa, na kuna ya kuhimili kusagika. Dawa moja huweza kushinda katika mtihani mmoja na kuanguka katika mwingine. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ikigandamizwa huhimili zaidi ya megapaskali 300, lakini ikivutwa hupasuka kabla hata haijafika robo ya kiasi hicho. Ni kama kigae cha sakafuni: kikilala juu ya zege kinabeba kabati, kikiwa na uwazi chini yake kinapasuka kwa kisigino. Kwa hiyo daktari hahitaji dawa nzuri tu, anahitaji pia kina cha milimita 1.5 hadi 2 cha kuiweka. Ikiwekwa nyembamba, itakatika hata iwe ya bei gani.

Dhahabu nayo ni laini, lakini dhahabu iliyowekwa vizuri kwenye gego hudumu miongo kadhaa. Haikatiki ovyo, na kingo zake hukaa sawasawa na jino.

2. "Ya fedha ina nguvu kuliko nyeupe."

NUSU KWELI. Kiwango cha kimataifa cha ISO kinataka kompositi, yaani dawa nyeupe, itakayowekwa sehemu ya kutafunia ihimili angalau megapaskali 80 ikipindwa, na nyingi za siku hizi zinapita hapo. Hata hivyo, mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipojumlisha tafiti zilizolinganisha dawa hizi kwenye magego ya kudumu, ulikuta kompositi inaharibika karibu mara mbili ya amalgamu.

Mkosaji hapo si udhaifu wa dawa. Kwa upande wa kuvunjika, tafiti hizo hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya dawa hizo mbili. Tofauti ilikuwa kwenye kuoza upya, pale dawa inapopakana na jino.

Tazama daktari anavyoiweka utaelewa. Kompositi hugandishwa kwa taa ya mwanga wa bluu, na ikiganda husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Hivyo aina ya kawaida huwekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, na kila tabaka hupigwa taa peke yake. Kabla ya hapo jino hupakwa asidi, likaoshwa, likakaushwa, kisha likapakwa gundi. Mate yakipenya katikati ya kazi, gundi haishiki vizuri na upenyo unabaki. Bakteria hawahitaji mlango mpana.

Kompositi nayo ina lake la kujivunia. Kwa kuwa inagandana na jino, daktari huondoa sehemu iliyooza na kuishia hapo. Amalgamu ya kawaida haigandani na jino, hivyo tundu huchimbwa liwe pana chini kuliko mdomoni ili dawa isichomoke, na katika kuchimba huko sehemu ya jino isiyooza huliwa pia.

3. "Ukizibwa gego, usilitafunie kwa saa 24."

KWELI KWA AMALGAMU. Saa moja baada ya kuwekwa, amalgamu ingali chini sana ya nguvu yake kamili. Huikaribia baada ya siku nzima, kwa hiyo tafunia upande wa pili. Kompositi huwa imeganda kabla hujainuka kitini. Ukiambiwa usubiri, mara nyingi ni kwa ajili ya ganzi, usije ukajing'ata ulimi au shavu bila kujua.

Lililo muhimu kuliko saa ni ile karatasi ya rangi unayoambiwa uume mwishoni. Inaonyesha mahali dawa ilipozidi kimo. Usiseme "iko sawa" ili uwahi gari. Dawa iliyoinuka hata kidogo hubeba mzigo wa meno mengine, na kitakachofuata ni maumivu au ufa.

4. "Glasi ionoma ni ya watoto tu, kwenye gego la mtu mzima haifai."

UONGO KWA TUNDU DOGO, KWELI KWA TUNDU KUBWA. Dawa hii ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, na ikatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikipindwa, kwa kawaida haifikii hata nusu ya nguvu ya kompositi. Lakini inashika jino bila gundi na hutoa floridi.

Ushahidi wa kazi yake una asili hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, mtafiti Jo Frencken na wenzake walianza nchini Tanzania njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linazibwa. Baadaye glasi ionoma ikawa dawa kuu ya njia hiyo, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote. Majumuisho ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa kwenye meno ya kudumu, pale tundu lilipokuwa upande mmoja tu, takriban 80 kati ya 100 yalikuwa bado mazima baada ya miaka mitano. Tundu likishakula pande mbili au zaidi, matokeo hushuka.

5. "Gego lililotibiwa mzizi likizibwa linarudi kuwa kama zamani."

UONGO. Gego la namna hiyo limeshapoteza sehemu yake kubwa, kwanza kwa kuoza, kisha kwa kufungua njia ya kufikia mizizi. Kuta zinazobaki huwa nyembamba, na ukitafuna kitu kigumu zinaweza kupasuka hadi kwenye mzizi. Ufa ukifika huko, dawa yake huwa ni koleo. Magego mengi ya aina hii huhitaji kofia inayofunika sehemu yote ya kutafunia.

6. "Amalgamu inaondolewa kwa sababu imegundulika ni dhaifu."

UONGO. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na hiyo ndiyo sababu. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi 2017. Umoja wa Ulaya umesitisha matumizi ya kawaida ya amalgamu tangu Januari 1, 2025, na Novemba mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba zilikubaliana kuiaga ifikapo 2034. Kama unayo na haijapasuka wala kuachia, usikimbilie kuitoa. Kuichimba kunatoa mvuke wa zebaki na kunakula sehemu ya jino isiyooza.

Sasa, ukikaa kwenye kile kiti, usiulize tu dawa ipi ina nguvu. Uliza tundu lina ukubwa gani, kuta zilizobaki zinatosha au zinahitaji kofia, na kama jino litakaa kavu wakati wa kazi. Ukirudi nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, usifungue soda kwa meno, na urudi kukaguliwa kabla halijauma. Jino lililozibwa linaweza kuoza tena, na kila likizibwa upya tundu huwa kubwa kuliko la kwanza.