Ua la kichakani Kibwezi linalouzwa Nairobi kama mgeni kutoka Asia

Ukipanda basi la Mombasa wakati wa kiangazi, tafadhali usilale ukifika Makindu. Najua kiti kimekolea, najua una simu na earphone. Lakini kuanzia hapo hadi Kibwezi, Kambu na Mtito Andei, angalia nje. Kila kitu ni kijivu: miiba, vumbi, mbuyu umesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Halafu ghafla, katikati ya mawe, unaona pinki. Pinki kali. Mmea hauna jani hata moja, shina limevimba chini kama kibuyu, na juu yake kumejaa maua. Hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia maji.

Hilo ni waridi la jangwani. Kwa jina la kitaalamu ni Adenium obesum. Utalipata pia upande wa Kitui Kusini, ukishuka kuelekea Mutomo, Ikutha na Mutha, na ndani ya Tsavo. Si waridi kamwe, jina tu. Ni ndugu wa frangipani na oleanda, zile zinazopandwa kwenye mahoteli ya Pwani. Na ni ua la kudumu: likishakubali udongo, linaweza kukuzidi umri.

Sasa shuka Nairobi, tembea kwenye vitalu vya kando ya barabara ambako watu wa ploti na apatimenti hununua mimea ya balkoni. Utakuta ua lilo hilo, ila limevaa suti. Petali zimepangwa safu mbili au tatu kama kamishi. Kuna jekundu linalokaribia weusi, kuna la njano, kuna jeupe lenye ukingo mwekundu, kuna lenye mistari. Bei yake ukiisikia unarudi nyuma hatua moja. Uliza limetoka wapi. Utaambiwa ni la Thailand, au Taiwan.

Nilipomwambia susu yangu bei ya mche mmoja, aliniangalia kama niliyerogwa. "Ile ya kule mtoni, juu ya mawe?" Ndiyo susu, ile ile. Alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi sikucheka sana. Nilibaki na swali moja: ua limezaliwa huku, limekwendaje huko likarudi na jina jipya?

Jibu halina uchawi wowote. Waridi la jangwani lina eneo kubwa, kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Mashariki na kuvuka hadi Bara Arabu. Jina Adenium lenyewe linatokana na Aden, kwa sababu Wazungu walilijulia Yemen, ambako Peter Forsskål alikusanya mimea katika miaka ya 1760. Baadaye mbegu zilisambaa kwa wapenzi wa mimea ya jangwani. Marekani, mtaalamu anayeitwa Mark Dimmitt wa Tucson, Arizona, alitumia miaka mingi akichanganya aina za Afrika ili apate miche inayochanua kwa muda mrefu zaidi. Aina moja iliyosaidia sana ni ya Eswatini na Msumbiji, Adenium swazicum, ambayo leo huko kwao porini iko hatarini kutoweka. Halafu wakulima wa Taiwan na Thailand wakaingia kwa kishindo. Wao ndio waliotuletea maua ya petali nyingi. Thailand wana hata jina lao la mmea huu, chuanchom, na watu wanaupanda kwa maelfu, wanachagua, wanatupa, wanachagua tena.

Hilo neno "wanatupa" lishike vizuri. Tutalirudia.

Usidhani hii ni mara ya kwanza. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara, Tanga, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo, Saintpaulia, liko madirishani kote Ulaya na Marekani, na aina zilizozalishwa ni maelfu kwa maelfu. Jamaa yake wa karibu anaota kwenye kilima cha Mbololo, Taita. Kabla ya hapo, mbegu za ua lingine la kwetu zilitumwa Uingereza kutoka Zanzibar na John Kirk, na mwaka 1882 likaitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Wewe unaliona kila bustani ya benki na unadhani ni la kizungu.

Kwa hivyo mtindo ni ule ule. Kinachoniudhi si kwamba mbegu zilienda. Mbegu husafiri, hata mahindi yetu hayakuzaliwa hapa. Kinachoniudhi ni kwamba kazi iliyofanywa huko, sisi tunaijua tayari. Tena Makueni inajua kuliko wengi.

Fikiria maembe. Nenda Makueni, mwulize kijana yeyote mwenye shamba la maembe jinsi ya kupata Apple au Tommy. Atakwambia: unaotesha kokwa la embe la kienyeji, mche ukifika unene wa penseli unaukata, unachonga kijiti cha ile aina unayoitaka, unakiingiza, unafunga kwa karatasi ya nailoni. Mizizi ya kienyeji, tunda la kisasa. Kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeizoea. Basi hivyo hivyo ndivyo Thailand wanavyotengeneza lile waridi la jangwani la bei ghali. Mche wa kawaida chini, kijiti cha aina mpya juu. Sababu ni moja pia: ukipanda mbegu ya ua la petali tatu, hakuna uhakika kwamba litatoka la petali tatu. Ukitaka nakala kamili, unapandikiza.

Tofauti ni kwamba embe unakula. Ua linahitaji mtu wa kuliona kwanza.

Twende kazini basi. Hapa nakuambia pole pole kwa sababu ndipo watu hukosea.

Anza na mbegu, usianze na jembe. Mmea ukikubali kuzaa, unatoa maganda mawili mawili kama pembe za ng'ombe. Yakikauka yanapasuka, na kila mbegu ina manyoya kwenye ncha zote mbili, upepo unaibeba hadi kwa jirani. Funga ganda kwa uzi au kitambaa cha wavu kabla halijapasuka. Panda mbegu ikiwa mpya, kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza kidogo tu, juu kabisa, usiizike. Kwa joto la Kibwezi, ndani ya wiki moja hivi utaona kijani. Mche uliotoka kwa mbegu ndio unaovimba vizuri kule chini. Ukipanda kijiti tu kinaweza kuota, lakini lile tumbo zuri watu wanalolipia mara nyingi hulipati.

Adui namba moja si jua, ni wewe na mkebe wako wa maji. Waridi la jangwani huoza mizizi haraka kuliko unavyofikiri. Wale wa Nairobi, mwezi wa Julai baridi ikiuma, acha kabisa kumwagilia, liache lipukutishe majani lilale. Halijafa. Nimeua mawili kwa huruma, kwa hivyo najua ninachosema.

Sasa ukitaka aina mpya, yaani yako, hapo ndipo raha ilipo. Nyuki wa balkoni yako hawatoshi. Ndani ya ua, sehemu za kiume zimejifunga kama koni na kuficha ile ya kike. Unafungua ubavu wa ua taratibu, unachukua chavua kwa sindano au brashi nyembamba, unaipaka kwenye ua la mche mwingine. Lazima uwe na miche miwili isiyo nakala, kwa sababu mara nyingi mmea huu haukubali chavua yake wenyewe. Majaribio mengi yatafeli. Machache yatatoa pembe. Subiri miezi, panda, halafu subiri tena mwaka mmoja, miwili, mche uchanue. Katika miche mia moja, mingi itakuwa pinki ya kawaida tu kama ile ya kule mtoni.

Na hapa ndipo unapotupa. Au unaitumia kama mizizi ya kupandikizia, haipotei bure. Unabakisha ile miwili mitatu yenye kitu: rangi, umbo, kuchanua mapema, kuvumilia baridi ya Limuru. Hiyo ya baridi sijaona mtu akiizungumzia sana, lakini nadhani kwa soko letu ingekuwa na maana kuliko petali kumi. Na porini tuna akiba: miche ya Mutomo haifanani na ya Mtito Andei. Kuna iliyofifia, kuna iliyokolea, kuna yenye katikati nyeupe. Wataiwan hawawezi kutembea hapo Jumamosi asubuhi. Wewe unaweza.

Lakini narudia: chukua mbegu, na kwa ruhusa ya mwenye shamba. Ukiona waridi la jangwani nene kama pipa limewekwa mbele ya nyumba mpya, jiulize limetoka wapi. Shina la namna hiyo huchukua miongo. Mara nyingi limeng'olewa mahali fulani, likapakiwa kwenye pikapu, na kule lilikotoka hakuna mbegu tena. Ndani ya mbuga kama Tsavo, kung'oa mmea ni kosa la jinai, hakuna mjadala. Nje ya mbuga, kuna wazee wanaouza mti kwa bei ya chakula cha siku moja kwa sababu hawajui unauzwa ngapi Karen. Siwalaumu wao.

Jambo lingine: utomvu wake ni sumu, ya aina inayoathiri moyo. Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi, Tanzania, hutumia mmea huu kutengeneza sumu ya mishale. Sumu maarufu ya mishale ya Wakamba hutoka kwa mti mwingine, lakini ni wa familia hiyo hiyo ya mimea. Kwa hivyo ukikata, vaa glavu, nawa mikono, usijiguse macho, na usiweke mche mahali mtoto wa jirani anaweza kutafuna.

Swali ambalo mtaniuliza kwenye inbox: ukipata aina yako, utailindaje isiibwe? Kenya ina sheria ya mbegu na aina za mimea, na KEPHIS ndio wanaosajili haki za mzalishaji. Nchi iliingia kwenye mkataba wa kimataifa wa UPOV mwaka 1999. Ili upewe haki, aina yako lazima iwe mpya, iwe tofauti na zilizopo, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilikebadilike. Kupandikiza kunakusaidia hapo, maana kila mche ni nakala. Sehemu kubwa ya maombi ya maua ni ya mawaridi ya kukatwa, na mengi ni ya kampuni za nje. Kuna ada, kuna majaribio, si jambo la wiki mbili. Kwa hivyo usikimbilie huko na mche mmoja. Lakini jua mlango upo.

Kuna atakayesema kazi ya kuchagua na kuzalisha aina ni ya maprofesa wa ng'ambo. Huyo hajafika Tiva, Kitui. Watafiti wa KEFRI wakishirikiana na Wajapani, kuanzia 2012, walitafuta mikau bora iliyosimama porini katika nyanda kame, wakachukua vijiti, wakavipandikiza, wakaanzisha mashamba ya mbegu huko Tiva na Kibwezi. Leo mkulima anapanda mkau uliochaguliwa. Njia ni ile ile: tembea, chagua, pandikiza, subiri. Wao walitafuta mbao, wewe unatafuta rangi.

Je, kuna pesa? Kidogo, na polepole. Soko ni watu wa balkoni, wapamba bustani, mahoteli na wale wachache wanaokusanya mimea kama wengine wanavyokusanya viatu. Ukiona video inayokuahidi mamilioni kwa robo ekari ya waridi la jangwani, endelea ku-scroll. Mimi naona ni kazi ya pembeni ambayo haitaki shamba kubwa, haitaki maji mengi, na inakubali ushago ambako mahindi yalikataa. Kwa Kitui na Makueni hayo matatu si madogo.

Kabla hujatuma doh mtandaoni, sikia hili pia. Hakuna waridi la jangwani la bluu. Halipo. Zile picha za bluu na zile za rangi ya upinde wa mvua zimechorwa kwa kompyuta, na pakiti utakayotumiwa itatoa pinki ikitoa chochote. Tena kuagiza mbegu au miche kutoka nje kunataka kibali cha KEPHIS kabla mzigo haujaondoka huko. Bila hicho unaweza kuleta ugonjwa, na unaweza kunyang'anywa mzigo wote.

Kama uko Nairobi na unataka kuanza kwa kuona tu, panda treni ile inayosimama kila kaunti, ushuke Kibwezi au Mtito Andei. Nenda kabla mvua ya Novemba haijaanza, majani yakitoka maua hupungua. Beba maji, kofia, na simu yenye chaji. Ukiona lenye rangi usiyowahi kuiona, piga picha, weka alama ya mahali kwenye ramani, tafuta mwenye shamba umsalimie, umwombe urudi wakati wa maganda.