Moyo wa Mvuvi na Saa za Kazi Yake

Moyo wa mtu mzima mwenye siha hupiga kadiri ya mara laki moja katika usiku na mchana mmoja, na kile kipimo cha umeme wa moyo ambacho mgonjwa hulazwa kitandani apimwe aghalabu hunakili sekunde kumi tu, yaani mapigo kumi au kumi na mawili. Basi mtu ashikwaye na mbio za moyo mara moja kwa siku, zikadumu dakika chache kisha zikatulia, huenda akapimwa mara nyingi akaambiwa hana neno ilhali maradhi anayo. Wala si kwamba tabibu amekosea au mashine ni mbovu, bali saa ya maradhi na saa ya kipimo hazikukutana.

Aliyeishughulikia dhiki hii ni Mmarekani Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, ambaye alitaka moyo upimwe mwenyewe akiwa katika harakati zake za kila siku. Chombo chake cha awali, cha miaka ya 1940, kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi, na sharti kibebwe mgongoni; hivi leo chombo hicho, ambacho matabibu wangali wakikiita kwa jina lake, chaenea kiganjani, nacho ni kisanduku chenye betri na nyaya chache ziishiazo katika vibandiko vya kifuani. Yafaa isemwe wazi, kwa kuwa wapo waiogopao nyaya hizo, ya kwamba hazipeleki umeme mwilini hata kidogo. Kazi yake ni kuupokea ule uzalishwao na moyo wenyewe, nao ukifika kwenye ngozi huwa ni sehemu chache tu za elfu za volti, hali betri moja ya tochi ina volti moja na nusu.

Sasa natumfikirie mvuvi wa ndagala wa Uvira aliyevalishwa chombo hicho, katika ukanda ule mwembamba ulio baina ya milima ya Mitumba na maji ya Tanganyika. Yeye hutoka jua likichwa, akawasha taa juu ya ziwa ili samaki wakusanyike, akavuta wavu hata alfajiri, na jua likipanda ndipo anapolala. Katika usingizi mapigo hupungua, pengine yakashuka chini ya hamsini kwa dakika, na katika kuvuta wavu huongezeka sana. Kwa hiyo waraka wa moyo wake, yaani mapigo yaliyonakiliwa na chombo, utaonyesha mbio katika usiku wa manane na utulivu wakati wa adhuhuri, na msomaji asiyeijua kazi yake aweza kudhani ameona maradhi mahali palipo na jasho la halali tu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa daftari, aandike saa aliyolala, saa aliyofanya kazi, na hasa saa aliyohisi kizunguzungu au moyo kumwenda mbio. Homa pia iandikwe, maana joto la mwili likizidi kwa digrii moja, mapigo huongezeka kadiri ya kumi kwa dakika, na mwambao huu wa malaria hauna uhaba wa homa. Asiyejua kuandika, mtoto wake aliye shuleni amwandikie.

Iko na hesabu ya mwezi. Usiku wa mwezi mpevu taa hupoteza nguvu zake juu ya samaki, na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Akivalishwa chombo siku hizo, kitapimwa kipindi cha mapumziko, ilhali malalamiko yake ni ya usiku wa kazi. Wako wanaomwambia mgonjwa ajilaze nyumbani mpaka akirejeshe chombo, kwa kuchelea gharama yake, nami naona shauri hilo laitangua faida yote ya kipimo. Hadhari ya maji ni ya lazima, kwa kuwa vyombo vingi havistahimili kuloweshwa, na mahali ambapo mashua haiwezekani kwa salama, basi apande mlimani au abebe mzigo kama afanyavyo siku nyingine. Kifua kioshwe, kikaushwe, wala kisipakwe mafuta, yawe ya mawese au ya dukani, kwani joto la bonde la Ruzizi peke yake latosha kuvibandua vibandiko.

Kuusoma waraka huo ni kazi ya mjuzi, na mjuzi aweza kuwa mbali. Mwaka 1905 Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipitisha alama za moyo katika waya wa simu kwa kilomita moja na nusu, kutoka hospitali hadi maabara yake. Na Arthur Zang wa Kameruni, aliyetunukiwa mwaka 2016 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, ameunda Cardiopad, kibao kinachopeleka kipimo cha moyo kwa mtandao wa simu hadi kwa bingwa aliye mjini. Bingwa huyo hatamwona mvuvi wala ziwa, basi daftari ndilo shahidi wake.

Na waraka ukitoka safi? Kama mgonjwa alihisi ile hali yake na saa ile ile mapigo yakaonekana yamenyooka, tabibu atatafuta sababu kwingine, pengine katika upungufu wa damu. Lakini kama siku ile hali hiyo haikumjia kabisa, hajathibitika kuwa mzima. Avalishwe tena, kwa siku saba au kumi na nne ikiwa chombo cha namna hiyo kinapatikana, na safari hii iwe katika giza la mwezi.