Watoto Hawachezi, Wanahesabu: Hisabati kwa Vikundi na Vituo

Mzazi akichungulia darasa la Gredi ya Pili akawakuta watoto wamekaa mikekani, kundi moja linapanga visoda, jingine linamimina maji kwenye chupa, na mwalimu kaketi pembeni na watoto wachache tu, asikimbilie ofisi ya mwalimu mkuu kulalamika. Huenda hicho ndicho kipindi cha Hisabati kilicho bora kuliko vyote wiki hiyo.

Malalamiko haya nayasikia sana hapa Malindi na kule Kilifi: mtaala wa umilisi umegeuza shule kuwa mchezo. Lakini tukumbuke ule wa zamani ulitupa nini. Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa Uwezo waliwapima watoto majumbani mwao, wakakuta wengi wa darasa la tatu hawajamudu hesabu za darasa la pili. Mtoto huyo hupandishwa tu mpaka Gredi ya Sita, ambako mtihani wa kitaifa wa KPSEA unamsubiri, na kutoa kwa kukopa bado ni giza kwake.

Chukua 42 kutoa 17. Wengi huandika 35. Wameona 7 haitoki kwenye 2, basi wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Mwalimu akisimama ubaoni mbele ya watoto 60 ataona jibu ni kosa, lakini hatapata nafasi ya kumuuliza kila mmoja amefikaje pale. Akikaa na kundi dogo ataliona kosa likizaliwa. Anachohitaji ni chelewa za ufagio zilizofungwa kumikumi. Mtoto anashika mafungu manne na chelewa mbili. Anatakiwa atoe saba, hazipo, basi anafungua fungu moja. Sasa ana mafungu matatu na chelewa kumi na mbili. Anatoa saba, zinabaki tano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Kule "kukopa" tulikokariri sisi bila kujua tunamkopa nani, yeye amekufanya kwa mkono wake.

Ratiba ndiyo huwashinda walimu wengi, kwa sababu kipindi cha gredi za chini ni dakika 30 tu. Ukitaka makundi manne yazunguke vituo vinne siku moja, utamaliza muda kwa kuhamahama. Njia rahisi ni kugawanya kazi kwa siku mbili. Dakika tano za kufungua, mizunguko miwili ya dakika kumi kumi, na tano za kufunga. Jumatatu makundi mawili yanapokezana kwa mwalimu na kwenye mazoezi ya daftari, na mawili mengine yanapokezana kwenye mchezo na vipimo. Jumanne yanabadilishana. Jumatano na Alhamisi ni vivyo hivyo tena. Ijumaa inabaki huru, na mimi ningempa mwalimu akae na wale waliokwama.

Kwenye kituo cha mchezo, kete za bao zinatosha: gawa kete 24 kwenye mashimo sita, kila shimo linapata ngapi? Kwenye vipimo, kibaba na pishi ambavyo bibi zetu walipimia mchele vinafundisha kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Au duka la kuigiza: mahamri matatu ya shilingi kumi kumi, umetoa hamsini, chenji yako ngapi? Kuna faida nyingine hapa. Vitabu vya Hisabati ni vya Kiingereza, lakini kwenye kikundi mtoto wa Ganze au Magarini humweleza mwenzake kwa Kigiriama, na jambo likaingia.

Darasa likijaa madawati na hakuna pa kupita, watoto wabaki walipo na vikapu vya vifaa ndivyo vizunguke. Kelele zitakuwepo. Kelele za hesabu hazina ubaya.

Kinachonitia wasiwasi ni jina. Ukiwapanga watoto kwa uwezo wao, hata ukiliita kundi moja Changu na jingine Nguru, baada ya wiki moja watoto wote wanajua wepi ndio "wazito", na wanalipeleka jambo hilo uwanjani. Kwa hivyo makundi yavunjwe kila baada ya wiki mbili, kwa jaribio la ukurasa mmoja, na kwenye mchezo na vipimo watoto wachanganywe. Kundi la uwezo libaki kwa mwalimu pekee.

Wanaosema haya yametoka Ulaya wakumbuke chuoni. Mwalimu wa chuo hakuwahi kuwasomesha watoto wote ukurasa mmoja. Huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Kulhuwallahu, mwengine kashafika Yasini. Kila mmoja huja kusikilizwa kwa zamu, na wakubwa huwarudishia wadogo. Miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walipotaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuiacha dini, Mombasa ndiko ulikoanzia mradi wa madrasa chini ya Aga Khan, kwa kazi ya mwalimu Bi Swafiya Said. Madarasa yake yalipangwa kwa pembe za kujifunzia, na vifaa vikawa vifuu, makoa na vitu vya kuokota. Baadaye ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda.

Wazazi wenzangu tuliochoshwa na kutumwa kununua manila na kuchapisha picha za rangi, hii haitaki pesa. Ufagio mmoja wa chelewa, vikapu vinne, na visoda mia mbili vya mwenye kioski. Mwalimu wa mtoto wako akiomba visoda, mpelekee.