Tuliahidi dunia asilimia 32. Mtaani nani anajua?

Muulize kijana yeyote wa Nairobi bei ya bando la siku, atakujibu kabla humalize swali. Muulize Kenya imeahidi dunia nini kuhusu tabianchi, atakuangalia kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake wa tano.

Nilijaribu swali hilo kwa steji ya boda karibu na kwetu. Mmoja akasema, "Si ni ile ya kupanda miti?" Mwenzake akacheka, akasema hayo ni mambo ya watu wa suti huko Gigiri.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilijua sikukuu kabla ya kujua ahadi. Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya kupanda miti, sehemu ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Wengine walishika jembe. Wengine, mimi nikiwa mmoja wao, tulilala hadi saa tano.

Basi ahadi yenyewe ni hii. Mwaka wa 2016 Kenya iliridhia Mkataba wa Paris, na mwaka huo huo tukapata Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Desemba 2020, serikali ikaandikia Umoja wa Mataifa kwamba kufikia 2030 tutapunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 32.

Hapo soma polepole. Si kupunguza kutoka kiwango cha leo. Ni kupunguza kutoka kiwango ambacho tungefikia 2030 kama tungeendelea bila kujali, yaani tani milioni 143. Kwa hivyo hatujaambiwa tuzime taa. Tumesema tutakua, ila kwa njia safi.

Na kwa stima, tumejikaza. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo wa Turkana na jua. Ndiyo maana boda ya stima inayochajiwa Nairobi ina maana kuliko ile inayochajiwa katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Shida yetu kubwa haiko kwenye umeme. Iko kwa kilimo, mifugo na misitu inayokatwa.

Sasa tuje kwa pesa. Mpango huo wote ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 62. Kenya ilisema itatoa asilimia 13. Iliyobaki, asilimia 87, inatarajiwa kutoka nje.

Kuna haki hapo. Kenya inachangia chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, ilhali ukame wa 2020 hadi 2023 ulitunyima mvua misimu mitano mfululizo na kumaliza mifugo kaskazini. Aliyechafua alipe. Hayo ndiyo viongozi wa Afrika walisema KICC mnamo Septemba 2023, walipotoa Azimio la Nairobi na kutaka hata ushuru wa kaboni wa dunia nzima.

Lakini wewe mwenyewe unajua maisha ya kungoja mtu akutumie kitu kwa simu. Anasema "nakutumia saa hii", na mvua nayo haimngoji.

Aprili 2024 mvua haikungoja. Mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Jamaa niliyesoma naye alitoka Mathare usiku akiwa amebeba meko na mtoto wa dadake. Godoro lilibaki, vyeti vikabaki. Wiki chache baadaye tingatinga zilipita kando ya mito zikibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanza upya. Nairobi hii, rent na deposit pekee zinaweza kuzimaliza.

Hapo ndipo niliona zile tarakimu kwa macho. Kupunguza gesi ni nusu ya ahadi. Nusu nyingine ni kulinda watu dhidi ya madhara ambayo tayari yamefika: mitaro inayopitisha maji, onyo linalofika kabla ya mto, mahali pa kuhamia kabla tingatinga haijaja. Kwa mtu wa Mukuru, nusu hiyo ya pili ndiyo tabianchi yenyewe.

Na usidhani lazima upande ndege kwenda kongamano ndiyo uulize. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya mpango wa FLLoCA, kaunti zimetunga sheria za kutenga pesa za tabianchi na kuunda kamati za wadi za kupanga miradi. Pesa ngapi zimefika wadi yako? Zimejenga nini? Nani kijana anaketi kwa hiyo kamati? Hayo ni maswali ya kuuliza kwa heshima, na kurudia kuuliza.

Nilirudi kwa steji nikawasomea zile namba. Yule wa miti akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo ule mtaro wetu ulioziba pia ni tabianchi?"

Nikamwambia ndiyo. Jumatatu tunaenda ofisi ya wadi, na ameahidi hatatutoza fare.